Ukali wa Fidla

Miongoni mwa hazina za taifa letu zipo zinazohifadhiwa kwa mkono, kama vile vinyago na milango ya kuchonga, na zipo zinazohifadhiwa kwa sikio. Kinyago kikianguka kikavunjika, kila mtu huona. Lakini muziki ukiharibika ndani ya chombo kinachoupiga, msikilizaji haoni kipande kilichovunjika. Yeye husikia sauti mbaya tu, na mara nyingi lawama humwangukia aliyeimba au aliyepiga ala. Katika makala haya twakusudia kueleza kosa moja la namna hiyo. Kosa lenyewe tulilitenda sisi wenyewe, tena tukiwa watu wazima na walimu, tuliodhani kwamba twajua tunachokisikia.

Muziki tunaouzungumzia ni taarabu ya okestra, ile ya fidla nyingi. Husimuliwa kwamba taarabu ilifika Unguja zama za Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, ambaye alimpeleka mtu Misri kujifunza ala. Mwaka 1905 kikaundwa kikundi cha Ikhwani Safaa, na mwaka 1928 Siti binti Saad akasafiri hadi Bombay, Bara Hindi, kurekodi nyimbo zake kwa Kiswahili katika santuri. Baadaye, kwa kuiga mfano wa okestra kubwa za Misri zilizosikika redioni na kuonekana katika sinema, vikundi vyetu vilikua. Fidla zikapangwa safu, nazo zikafuatana na kanuni, udi, nai, kodiani, selo, besi na dumbaki. Katika muziki huo mwimbaji haimbi peke yake. Akimaliza beti, fidla zote humpokea na kumjibu kwa pamoja, na jibu hilo ndilo linalomfanya msikilizaji ainuke kitini kwenda kumtuza mwimbaji. Mtu asiyelisikia sawasawa jibu la fidla hajaisikia taarabu.

Mjomba wetu, aliyetulea tangu utoto, alikuwa mpigaji fidla katika kikundi kimoja cha Unguja. Katika miaka ya 1960 kikundi chake kilirekodi wimbo katika santuri ndogo, ile inayozunguka mara 45 kwa dakika, nusu ya wimbo upande mmoja na nusu upande wa pili. Mwishoni mwa upande wa pili mjomba alipewa nafasi ya kupiga peke yake kwa muda mfupi, kisha wenzake wakampokea. Nakala yake ya santuri hiyo alitukabidhi sisi tulipohamia Tanga kufundisha. Alituambia maneno machache tu: ‘Itunze, mwanangu. Mimi nina mikono, bado napiga. Wewe huna.’

Huko Tanga tulinunua gramafoni, amplifaya na spika mbili kubwa kutoka kwa mtaalamu mmoja wa kigeni aliyekuwa akirejea kwao baada ya kumaliza mkataba. Tulijiona tumepata. Sebule yetu ilikuwa ya nyumba ya serikali, kuta za saruji, sakafu ya saruji, madirisha ya vioo, na juu bati lisilokuwa na dari. Kila Jumamosi jioni wanafunzi wachache wa chama cha muziki walikuja kusikiliza. Tuliwapigia muziki wa dansi, wakafurahi. Tuliwapigia simfoni za Ulaya na taarabu ya okestra, wakakunja nyuso. Siku moja msichana mmoja wa kidato cha tatu alisema kwa adabu, ‘Mwalimu, utuwie radhi, lakini fidla hizi zinalia kama msumeno unaokata bati.’

Nasi, badala ya kumwuliza msumeno huo uko wapi, tulikubaliana naye. Tulisimama mbele ya vijana wale tukawaeleza kwamba wazee wetu walikuwa na vipaji lakini hawakufundishwa kushika upinde sawasawa, na kwamba ndiyo maana fidla zao hukwaruza. Hoja yetu ilionekana kuwa imara. Kama mitambo ingekuwa mibovu, tulisema, mbona gitaa lasikika vizuri? Tangu siku hiyo santuri za okestra zikawekwa kando. Wahenga walisema kwamba mbaazi akikosa maua husingizia jua. Sisi tulimsingizia mjomba.

Mwezi wa Agosti mwaka 1983 mjomba alikuja Tanga kutujulia hali. Ilikuwa Jumamosi, na wanafunzi walikuwapo. Baada ya shikamoo na marahaba, akaona gramafoni, akaiomba santuri yake. Hatukuwa na njia ya kukataa. Ikapigwa, upande wa kwanza, kisha wa pili. Ilipofika mwishoni, pale alipopiga peke yake, aliinua kiganja kututaka tusimamishe.

‘Huyo anayepiga hapo ni mimi,’ alisema. ‘Lakini sauti hiyo si yangu.’

Tulimjibu kwa haya, tukisema kwamba pengine siku ile ya kurekodi upinde haukuwa umepakwa ulimbo wa kutosha. Vijana waliinamisha vichwa, maana walikumbuka tuliyokuwa tumewaambia. Mjomba hakukasirika. Alifungua kisanduku chake, akaitoa fidla, akakaza nyuzi, akasimama karibu na dirisha, akakipiga kipande kile kile.

Hatutaki kudai kwamba sauti ile ilikuwa laini kama asali. Fidla ina makali yake, kama limau, na fidla isiyo na makali hailii. Lakini ukali wa fidla ile ulikuwa na mwisho. Ulipanda, ukafika pake, ukateremka. Ukali wa santuri ulikuwa umebaki palepale masikioni kama mchanga katika chakula. Yule msichana wa kidato cha tatu akanong’ona kwa mwenzake, nasi tukamsikia: ‘Kumbe si yeye.’

Jioni ile mjomba alitufundisha jambo ambalo hatukulijifunza chuoni. Kwanza alisimama katikati ya sebule akapiga kofi moja. Kofi likarudi kutoka ukutani mara nyingi upesi upesi, likiwa na mlio kama wa bati. ‘Chumba hiki kinagombana na mtu,’ alisema. ‘Hapa hata mimi nitakwaruza.’ Akatuonyesha kwamba alikuwa amesimama dirishani makusudi, kwa sababu dirisha lililo wazi halirudishi sauti. Kisha akasogea pembeni, kuta mbili zinapokutana, akapiga tena. Kweli, fidla ile ile ikawa kali zaidi.

Mwalimu mwenzetu wa fizikia, tulipomsimulia, alitueleza habari ya Wallace Clement Sabine. Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kilimtaka mwalimu huyo kijana arekebishe ukumbi ambamo maneno ya mhadhiri hayakusikilizana kwa sababu ya mwangwi. Sabine na wasaidizi wake walifanya kazi usiku, mji ukiwa kimya, wakichukua mito ya viti kutoka ukumbi mwingine na kuipanga humo, huku wakipima sauti yadumu muda gani baada ya chombo kunyamaza. Kadiri mito ilivyoongezeka ndivyo muda huo ulivyopungua. Kutokana na kazi hiyo akapata kanuni ya hesabu, na ukumbi wa muziki wa Boston uliofunguliwa mwaka 1900 ulijengwa kwa kuifuata. Basi nguo, mito, mazulia na miili ya watu humeza sauti, hasa zile nyembamba. Saruji, kioo na bati huzirudisha. Katika ukumbi wa taarabu watu hukaa wamejaa, na kanzu na mabuibui yao. Sisi tulikuwa tumeileta okestra nzima katika chumba kitupu cha saruji, kisha tukalalamika kwamba yapiga kelele.

Jambo la pili lilihusu maikrofoni. Mjomba alikumbuka kwamba siku ya kurekodi ilining’inizwa juu ya vichwa vya wapigaji fidla, karibu kabisa. ‘Mimi fidla yangu ikiwa chini ya kidevu naisikia ikikwaruza kila siku,’ alisema. ‘Msikilizaji hakai chini ya kidevu changu.’ Maneno hayo yana ukweli wa kitaalamu. Fidla hutoa sauti zake nene kuelekea pande zote, lakini zile nyembamba na kali hurushwa zaidi kuelekea upande wa ubao wake wa mbele, ambao mpigaji akishika ala huelekea juu. Maikrofoni iliyo pale juu hunasa ukali ambao mtu aliyekaa safu ya kumi haupati kamwe, kwa sababu baadhi yake humezwa na ukumbi kabla haujamfikia. Kwa hiyo sehemu ya ukali ilikuwamo katika santuri yenyewe, na haki ni kulisema hilo pia.

Kwa hakika fidla imewasumbua warekodi tangu mwanzo. Kabla ya mwaka 1925, umeme ulipokuwa haujaanza kutumika katika kurekodi, wapigaji walisongamana mbele ya pembe kubwa, na sauti ya fidla ilikuwa dhaifu mno kuweza kuichonga santuri. Ikabidi ibuniwe fidla ya ajabu yenye pembe ya chuma badala ya mwili wa ubao, iliyoitwa kwa jina la Stroh aliyeibuni. Tangu siku hizo hadi leo fidla haijaacha kuwa mtihani wa kila chombo.

Hapa ndipo lilipo jibu la swali letu la gitaa. Uzi wa gitaa ukishadonolewa hulia, kisha sauti yake hufifia. Upinde wa fidla husugua uzi bila kuacha, na juu ya sauti ya msingi huzaa msururu mrefu wa sauti nyembamba zinazofuatana nayo. Wakiwa wapigaji 6 au 8, kila mmoja hutofautiana na mwenzake kidogo sana, na tofauti hizo ndizo zinazoipa safu ya fidla utajiri wake. Chombo kisicho sahihi huongeza sauti zake mwenyewe ambazo hakuna aliyezipiga, na kadiri ala zinazolia pamoja zilivyo nyingi ndivyo sauti hizo haramu zinavyozidi. Aidha, sikio la binadamu lina wepesi mkubwa zaidi kwa sauti zenye mitikisiko kati ya 2000 na 5000 kwa sekunde. Kosa dogo likiangukia hapo huchoma kuliko kosa kubwa likiangukia kwenye besi. Basi gitaa lililosikika vizuri halikuthibitisha uzima wa mitambo yetu. Lilikuwa limeipa mtihani mwepesi.

Jambo la tatu lilikuwa kiburi chetu cha kufungulia sauti. Okestra huanza kwa kunong’ona, nai na udi tu, nasi tulikuwa tukikizungusha kitufe hadi mnong’ono huo ujae chumba. Fidla zote zilipoingia kwa pamoja, amplifaya haikuwa na nguvu ya kuzibeba. Ieleweke kwamba ili sikio lione sauti imeongezeka maradufu, amplifaya hutakiwa kutoa nguvu kiasi cha mara 10. Ikishindwa, haisemi kwamba imeshindwa. Hukata vilele vya mawimbi ya sauti, na kila kilele kilichokatwa huzaa ukali mpya. Mjomba, ambaye hakujua hesabu hizo, alikipunguza kitufe, akatuambia tukae karibu na spika badala ya kuzilazimisha zitufuate tulipo.

Jambo la nne tungependa kulipita haraka, lakini ndilo lililotufanya tuandike.

Mjomba aliinama kuitazama gramafoni, akauliza, ‘Na hii shilingi ni ya nini?’

Juu ya kichwa cha mkono wa gramafoni, palipo na sindano, tulikuwa tumebandika sarafu ya shilingi moja. Miaka mingi iliyopita sindano ilianza kurukaruka, nasi tukaikandamiza kwa sarafu, kama walivyofanya watu wengi. Hatukujua kwamba sindano ilikuwa ikiruka kwa sababu imekwisha. Sindano ya almasi huhimili saa mamia kadhaa za kupiga, kisha ncha yake hulika na kuwa na kingo kama patasi. Sindano ya namna hiyo, ikiongezwa uzito, haisomi tena mfereji wa santuri. Huuchonga.

Na huuchonga zaidi karibu na katikati. Santuri ndogo huzunguka mara 45 kwa dakika mwanzo hadi mwisho, lakini mzunguko wa nje ni mrefu na wa ndani ni mfupi. Mwanzoni mfereji hupita chini ya sindano kwa mwendo unaokaribia sentimita 40 kwa sekunde. Mwishoni hubaki kama sentimita 25 tu. Mawimbi yale yale hubanwa katika nafasi ndogo zaidi, na sindano iliyolika haiwezi kuzifuata kona zake, bali huzivunja. Kipande cha mjomba kilikuwa mwishoni mwa upande wa pili. Mahali ambapo chombo chetu kilikuwa kibaya zaidi ndipo mkono wake ulipokuwa.

Sindano mpya haikupatikana Tanga wala Dar es Salaam. Nchi ilikuwa na uhaba wa bidhaa nyingi zaidi ya sindano za gramafoni. Tulisubiri. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo mpaka wetu na Kenya, uliokuwa umefungwa tangu mwaka 1977, ulifunguliwa, na jamaa yetu mmoja akatuletea sindano kutoka Mombasa. Wakati huo tulikuwa tumetandika majamvi mawili sebuleni, tumetundika khanga na shuka nzito ukutani, na tumeziondoa spika pembeni. Tukatoa shilingi, tukaweka sindano, tukawaita wanafunzi.

Santuri ambazo hatukuwa tumezipiga mara nyingi zilisikika kama zimetoka kwingine. Zile simfoni za Ulaya ambazo vijana walizikunjia nyuso zilikuwa na fidla zilizotulia kama nafaka katika ungo. Kisha tukaiweka santuri ya mjomba. Mwanzo wa kila upande ulikuwa mzuri kupita tulivyowahi kuusikia. Tulipokaribia mwisho, pale alipoanza kupiga peke yake, mkwaruzo ukarudi. Sindano mpya ilikuwa ikisoma kwa uaminifu yale tuliyoyaandika kwa shilingi yetu.

Siku hiyo tuliwaambia wanafunzi waziwazi kwamba tuliwafundisha uongo. Wazee hawakushika upinde vibaya. Sisi ndio tulioshika santuri vibaya. Ilikuwa vigumu kusema, lakini mwalimu anayesahihisha madaftari ya wengine hana budi kukubali kusahihishwa lake.

Ilikuwa vigumu zaidi kumwambia mjomba. Tulivuka kwenda Unguja wakati wa likizo, tukamweleza kwamba nakala yake imeharibika, na ni sisi tulioiharibu. Alinyamaza kitambo. Hatimaye akasema, ‘Usiitupe. Ila kila utakapomsikilizisha mtu, mwambie ukweli wake.’ Hakuongeza neno, na wala hakutuomba tumrudishie.

Alifariki mwaka 1991. Nakala nyingine ya santuri ile tumeitafuta kwa wauzaji na kwa waliokuwa wenzake, hatukuipata. Kwa hiyo mkono wa mjomba wetu, katika kipande alichopewa peke yake, sasa upo mahali pamoja tu duniani, na mahali hapo pana jeraha letu.

Tangu wakati huo vyombo vimebadilika sana. Diski za leza zilianza kuuzwa mwaka 1982, hazina sindano wala mfereji unaolika. Leo kijana hubeba nyimbo maelfu katika simu, na taarabu ya okestra imo humo pia. Lakini kosa letu halikuondoka pamoja na gramafoni. Spika ya simu ni ndogo kuliko kitufe cha koti. Haiwezi kutoa besi, selo wala sauti nene ya udi, bali hubakiza zile nyembamba pekee. Kijana akifungulia hadi mwisho katika chumba cha saruji, fidla zitamchoma masikio kama zilivyomchoma msichana wa Tanga, naye atasema kwamba muziki wa wazee ni makelele. Atakuwa ameyasikia makelele kweli, ila atakuwa amekosea mwenyewe wa makelele hayo.

Kwa walimu wenzetu twashauri jambo jepesi. Kabla ya kuwasikilizisha wanafunzi okestra yoyote, ya hapa petu au ya ng’ambo, pigeni kofi katikati ya chumba msikilize linavyorudi. Tandikeni jamvi. Punguzeni sauti. Tazameni chombo. Na zaidi ya yote, ikiwa katika mji wenu yupo hata mzee mmoja anayepiga fidla, mwiteni apige mbele ya vijana kwanza, kisha ndipo mfungue mashine. Sikio ambalo halijapata kuisikia fidla yenyewe halina kipimo, na hakimu asiye na kipimo huhukumu kwa maumivu yake tu.

Kwa wanafunzi twasema hivi. Mkisikia jambo la kale likikwaruza, msiliache, lakini pia msijilazimishe kulipenda kwa kuwa ni la kale. Ulizeni kwanza: mkwaruzo huu ni wa aliyepiga, ni wa chumba, ni wa chombo, au ni wangu mimi niliyebandika shilingi?

Santuri ile tunayo bado. Mara chache tunaipiga, na kabla hatujashusha sindano tunamwambia aliyekaa nasi: hapo mwishoni utasikia fidla ikikwaruza, mkwaruzo huo ni wetu.